Jinsi ya kuufanya mfumo wa neva uisaidie kinga yako wakati unapambana na saratani

Mtu akishaambiwa ana saratani, kauli ya kwanza anayoisikia kwa ndugu na marafiki ni "usiwaze sana, mawazo yatakumaliza". Wanasema kwa upendo, najua, ila wanachomwachia ni mzigo juu ya mzigo, maana sasa anaumwa na pia anaogopa kwamba huko kuogopa kwake ndiko kunakoulisha ugonjwa. Usiku analala anajipima, leo nimewaza sana eti, nimejiharibia eti. Hili linaniuma kweli kwa sababu tafiti zenyewe hazisemi hivyo. Zinasema neva zinaongea na kinga, hilo ni kweli na ushahidi upo, lakini neva hazisikilizi mawazo peke yake, zinasikiliza mwili mzima: maumivu, usingizi, baridi, mwendo wa miguu, kisu cha daktari. Na vingi kati ya hivyo vinashikika, unaweza kuvifanyia kitu bila kujilazimisha furaha ambayo huna.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa jinsi ya kuvishika. Ni wa mgonjwa aliye kwenye matibabu na ni wa anayemuuguza, na hakuna hatua hata moja humu inayochukua nafasi ya upasuaji, kemo, mionzi au dawa uliyoandikiwa. Hizi zinakwenda sambamba na hizo.

Elewa kwanza nani anaongea na nani

Usiruke sehemu hii, ukiielewa hatua zote za mbele utazifuata kwa kuzijua na sio kwa kuamini tu.

Zamani ilidhaniwa kinga ya mwili inajiendesha yenyewe, ubongo uko huko na mambo yake. Mwaka 1975 Robert Ader na Nicholas Cohen wa Chuo Kikuu cha Rochester kule Marekani waliwapa panya maji matamu ya sakarini pamoja na dawa inayoshusha kinga, baadaye wakawapa maji matamu peke yake na kinga ikashuka tena. Yaani ubongo ulikuwa umejifunza, ukapeleka taarifa chini. Miaka ya 1980 David Felten na wenzake wakaangalia kwa hadubini wakakuta nyuzi za neva zimeingia mpaka ndani ya wengu na mitoki, zimeishia pale pale zilipo seli za kinga.

Neva zinazohusika zaidi na stori yetu ni za simpathetiki, hizi ndizo zinazokupandisha mapigo ya moyo ukishtuka. Zinamwaga kemikali inaitwa noradrenalini, na tezi zilizo juu ya figo zinaongezea adrenalini na kotisoli kwenye damu. Seli za kinga zina vipokezi vya kemikali hizi, kwa hiyo zikimwagwa zinasikia.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanadhani adrenalini ni sumu tu. Adrenalini ya muda mfupi, dakika kadhaa za kukimbia au kupanda ngazi, inazitoa seli za kinga zinaitwa NK (hizi zinaua seli za saratani bila kusubiri kufundishwa) kwenye maficho yake na kuzijaza kwenye damu. Tatizo ni ile isiyoisha, inayomwagika kidogo kidogo wiki hadi wiki mwili usipate nafasi ya kushuka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Elizabeth Repasky na wenzake wa kituo cha saratani cha Roswell Park. Panya wa maabara kwa kawaida wanafugwa kwenye joto la nyuzi 22 hivi, na kwa panya hiyo ni baridi, mwili wake unahangaika muda wote kujipasha na neva za simpathetiki hazipumzi. Watafiti wakawaweka wengine kwenye nyuzi 30, joto ambalo panya mwenyewe akipewa uhuru analichagua. Kwenye utafiti wao wa mwaka 2013 uvimbe wa wale waliopata joto ulikua taratibu zaidi, na seli T za kuua (kundi lingine la seli za kinga, hizi hufundishwa kwanza adui wake) zilikuwa nyingi zaidi ndani ya uvimbe. Hebu tulia hapo kidogo. Hakuna aliyewatisha wale panya, hawakuwa na msiba wala deni, ni baridi tu ambayo hata watafiti kwa miaka mingi hawakuiona kama shida. Ndiyo maana nasema tusibanane kwenye mawazo.

Mwaka 2023 timu ya Susan Kaech wa taasisi ya Salk ikaingia karibu zaidi. Waliona seli T zilizochoka, zile ambazo zimepambana na saratani mpaka zimeishiwa nguvu ya kuua, zimejikusanya kuzunguka neva za simpathetiki, na juu yake zimeotesha kipokezi cha noradrenalini kinachoitwa beta 1 kwa wingi. Ni kama mtu aliyekaa chini ya spika siku nzima, mwisho masikio yanaacha kufanya kazi. Walipokizuia kile kipokezi kwa panya, uchovu wa zile seli ukapungua, na dawa za kuamsha kinga zikafanya kazi vizuri zaidi.

Halafu kuna neva za maumivu nazo. Mwaka 2022 Sébastien Talbot na wenzake walionyesha kwamba kwenye saratani ya ngozi ya melanoma neva zinazobeba maumivu zinatoa kemikali inaitwa CGRP, na hiyo kemikali inazichosha seli T. Panya walioondolewa hizo neva, uvimbe wao ulikua polepole. Kwenye saratani ya tezi dume, Claire Magnon na Paul Frenette mwaka 2013 walikuta neva zinaota mpaka ndani ya uvimbe na kuusaidia kukua na kusambaa. Na mwaka 2024 timu ya Mikala Egeblad ikaonyesha kwamba stresi ya muda mrefu kwa panya, kupitia homoni za aina ya kotisoli, inazifanya seli nyeupe zinazoitwa nyutrofili kutema nyavu zenye kunata, na saratani inapata njia rahisi ya kuota kwenye mapafu.

Nyingi kati ya hizi ni za panya. Kwa binadamu ushahidi ni mchache na umechanganyika, na kwenye kila hatua nitakwambia upi ni wa panya na upi ni wa watu, maana ukichanganya hivyo viwili ndipo unapouziwa matumaini ya uongo.

Hatua ya kwanza: acha kujilaumu, na mwenzako aache kukulaumu

Hii ni hatua kabisa, sio maneno ya faraja. Mwaka 2013 zilijumlishwa data za watu 116,056 kutoka tafiti 12 za Ulaya kuangalia kama stresi ya kazini inaleta saratani ya utumbo mpana, mapafu, titi au tezi dume. Haikuonekana kuleta. Kwa hiyo kama ulikuwa na bosi mgumu au ndoa iliyokukalia vibaya halafu ukaugua, usianze kuunganisha nukta ambazo wataalamu wenye data za watu laki moja wameshindwa kuziunganisha.

Na upande wa pili pia, usilazimishwe kuwa na "roho ya ushindi" ili upone. Mwaka 1989 David Spiegel alitoa utafiti mdogo wa wanawake 86 wenye saratani ya titi iliyosambaa, waliokaa kwenye kikundi cha kusaidiana wakaishi muda mrefu zaidi, dunia nzima ikashangilia. Mwaka 2001 ukaja mkubwa zaidi, wanawake 235, na maisha hayakurefuka. Ila waliokuwa kwenye kikundi walipungukiwa na huzuni na maumivu, hasa wale waliokuwa na hali mbaya mwanzoni. Mimi naona hiyo inatosha kabisa, nenda kwenye kikundi kwa sababu kinakupunguzia mateso, na ukilia huko lia, kulia hakujawahi kuonyeshwa kwamba kunakuza uvimbe.

Hatua ya pili: maliza maumivu kabla hayajakumaliza

Ningekuwa na nafasi ya kusisitiza kitu kimoja tu kwenye huu mwongozo ningechagua hiki. Maumivu yasiyotibiwa yanaziwasha neva za simpathetiki muda wote, yanakata usingizi, yanakufanya usitembee, yaani yanaharibu vitu vitatu kwa mpigo, na watu wengi wanayavumilia wakiamini saratani lazima iume au wakiogopa kuonekana wasumbufu.

Fanya hivi. Chukua daftari au simu, kila asubuhi na jioni andika namba kuanzia 0 mpaka 10, 0 hakuna maumivu na 10 hayavumiliki. Pembeni andika yako wapi, yanachoma au yanabana au yanapiga kama shoti ya umeme, na yanaanza saa ngapi ukilinganisha na muda uliomeza dawa. Hicho kipengele cha mwisho ndicho muhimu, kwa sababu ukimwonyesha daktari kwamba dawa unameza saa 12 jioni na saa 6 usiku kila siku unaamka unaumia, anaona hapo hapo kwamba dawa inaisha nguvu mapema, na anaweza kubadilisha kipimo au kukupa ya muda mrefu. Ukimwambia tu "naumwa sana usiku" hana cha kushika. Maumivu ya kuchoma au ya shoti mara nyingi ni ya neva yenyewe na yana dawa zake tofauti na za maumivu ya kawaida, kwa hiyo yaeleze kwa maneno hayo hayo. Dawa kama mofini ukiandikiwa kwa saa maalum meza kwa saa hizo, usisubiri maumivu yapande ndio uanze kuyakimbiza, na uliza mapema dawa ya kulainisha choo maana mofini inafunga choo na watu wengi wanaiacha kwa sababu hiyo tu.

Omba tiba shufaa mapema, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso mengine ya ugonjwa. Watu wakisikia hilo neno wanadhani ndio wameagwa, hapana. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa, nusu walipewa tiba shufaa tangu mwanzo pamoja na matibabu ya kawaida, nusu matibabu ya kawaida tu. Waliopata tiba shufaa walikuwa na hali bora ya maisha, huzuni kidogo, na kwa wastani wa kati waliishi miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Hakuna aliyethibitisha kwamba ni neva ndizo zilizofanya hivyo, sitakudanganya, lakini mtu anayetibiwa maumivu na hofu mapema na akaishi muda mrefu zaidi, sababu iwe yoyote ile, mimi hiyo naichukua.

Hatua ya tatu: tembea, na tembea kwa kupanda mapigo kidogo

Hapa tunatumia ile adrenalini nzuri. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark waliwapa panya magurudumu ya kukimbilia, panya waliokimbia uvimbe wao ulikuwa mdogo kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko waliokaa, na ndani ya uvimbe kulijaa seli NK. Walipoizuia adrenalini ile faida ikaondoka. Ni panya, sawa.

Kwa watu sasa, mwaka 2025 yalitoka majibu ya jaribio linaitwa CHALLENGE, wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wamemaliza upasuaji na kemo. Kundi moja lilipewa vitabu vya afya tu, kundi la pili likapewa mkufunzi na programu ya mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi ni asilimia 80.3 kwenye kundi la mazoezi na 73.9 kwenye kundi lingine. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai ni 90.3 dhidi ya 83.2. Hizo ni tofauti ambazo dawa mpya ikizileta inaandikwa magazetini. Kilichosababisha ndani ya mwili bado kinachimbwa, inaweza kuwa kinga, inaweza kuwa insulini, inaweza kuwa vyote, na jaribio lilikuwa la utumbo mpana kwa hiyo usilibebe lilivyo kupeleka kwenye kila saratani.

Namna ya kuanza: kama uko katikati ya kemo na umechoka, anza na dakika 5 za kutembea mara mbili kwa siku, siku ambazo mwili umekubali. Ongeza dakika moja moja. Kasi sahihi ni ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Lengo ambalo wataalamu wa mazoezi kwa wagonjwa wa saratani wanalitaja ni dakika 30 mara 3 kwa wiki, ukiongeza mazoezi ya nguvu mara 2, hata kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi ni zoezi la nguvu, na hapo uchovu, wasiwasi na huzuni vinapungua, hilo limeonekana kwa watu tafiti nyingi. Ndio, uchovu wenyewe unapungua kwa kutembea, inashangaza ila ndivyo ilivyo.

Usianze bila kumuuliza daktari kama saratani imefika kwenye mifupa, kama umeambiwa chembe sahani (zile zinazogandisha damu) au damu imeshuka, kama una shida ya moyo au unaishiwa pumzi ukiwa umekaa. Na ukiwa kwenye kemo ukapata homa ya nyuzi 38 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, ni hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku.

Hatua ya nne: usingizi

Mwaka 1994 Michael Irwin na wenzake waliwachukua wanaume 23 wenye afya wakawanyima usingizi kuanzia saa 9 usiku mpaka saa 1 asubuhi, usiku mmoja tu. Kwa 18 kati yao nguvu ya seli NK ilishuka, na wastani wa kundi ukafika asilimia 72 ya kawaida. Walipolala vizuri usiku uliofuata ikarudi. Mimi nazisoma habari mbili humo: kukosa usingizi kunagusa kinga haraka, na pia kinga inarudi haraka, kwa hiyo usiku mmoja mbaya sio janga na usiukalie kwa hofu.

Anza na dawa zako. Kwenye kemo nyingi mgonjwa anapewa deksamethasoni kuzuia kichefuchefu na mzio, na hiyo dawa inafukuza usingizi vibaya sana. Muulize daktari kama unaweza kuimeza asubuhi, wengi wanakubali, na hilo badiliko dogo peke yake linaweza kukurudishia usiku wako. Baada ya hapo shika saa ya kuamka iwe moja kila siku hata kama ulilala vibaya, toka nje upate mwanga wa asubuhi, usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Ukikaa kitandani macho makavu kwa dakika 20 hivi inuka, kaa sehemu nyingine kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Hizi ni sehemu ya tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi ambayo ndiyo inayopendekezwa kwanza kabla ya vidonge, ulizia kama hospitali yako ina mtu anayeitoa. Pombe kama dawa ya usingizi hapana, inakulaza haraka halafu inakuamsha saa nane usiku.

Na kama mwenzako anakwambia unakoroma mpaka pumzi inakata, sema hospitali. Kila pumzi inapokata neva za simpathetiki zinalipuka, na hilo linatibika.

Hatua ya tano: huzuni na wasiwasi vitibiwe kama ugonjwa, maana ni ugonjwa

Mwaka 2024 ilitoka ripoti ya wagonjwa 227 wa saratani ya mapafu waliokuwa wanaanza tiba ya kuamsha kinga. Waliokuwa na sonona (huzuni nzito isiyoisha) au wasiwasi mwanzoni, ugonjwa ulitulia kwa miezi 7.9 kwa wastani wa kati, wasiokuwa nao miezi 15.5. Kabla hujaogopa, kumbuka huu ulikuwa ni uangalizi, haukuthibitisha kwamba huzuni ndiyo iliyosababisha, na majaribio ya kuona kama kuitibu kunarefusha ule muda ni kazi nyingine. Lakini kwa nini uiache sonona bila kutibiwa wakati inatibika na inatesa yenyewe kama yenyewe?

Kipimo rahisi ambacho kliniki nyingi za saratani duniani zinatumia ni kujipa namba 0 mpaka 10 ya jinsi ulivyosongwa wiki hii yote, ukifika 4 au zaidi waambie wahudumu kwa namba hiyo hiyo na uombe mshauri wa saikolojia au daktari wa akili. Ukipata mawazo ya kujidhuru usisubiri kliniki, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi na uende idara ya dharura.

Kwa zile dakika ambazo moyo unakimbia, unasubiri majibu ya kipimo au uko kwenye foleni ya mionzi, kuna pumzi ya kutumia. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka 4, toa taratibu ukihesabu mpaka 6, hizo ni pumzi 6 kwa dakika, endelea dakika 5. Unapotoa hewa kwa kirefu neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo mpaka moyoni na tumboni, inaupunguza mwendo wa moyo, utausikia mwenyewe ukiweka vidole kwenye mshipa wa mkono. Haipunguzi uvimbe, hakuna aliyeonyesha hivyo, inakushusha wewe tu na kwa wakati ule ndicho unachohitaji. Kama una kifua kinachobana punguza hesabu, usijikaze.

Hatua ya sita: siku zinazozunguka upasuaji

Hapa ndipo naona matumaini makubwa na hatari kubwa kwa pamoja, kwa hiyo soma taratibu.

Upasuaji unaondoa uvimbe lakini wenyewe unamwaga adrenalini nyingi na kuleta uchochezi (ile hali ya mwili kuvimba na kuwaka ukijeruhiwa) kwa siku kadhaa, NK zinashuka, na ni wakati huo huo seli chache za saratani zinaweza kuwa zimeponyoka kwenye damu. Shamgar Ben-Eliyahu wa Israel amefanya kazi hii miaka mingi, akatumia propranololi (dawa ya zamani ya moyo inayoziba vipokezi vya adrenalini) pamoja na dawa ya kuzuia uchochezi, kuanzia siku chache kabla ya upasuaji mpaka siku kadhaa baada. Kwa wanawake 38 wa saratani ya titi, alama za kusambaa kwenye uvimbe zilipungua. Mwaka 2020 timu ya Erica Sloan kule Australia ikatoa jaribio la wanawake 60, wiki moja ya propranololi kabla ya upasuaji, majibu yakaelekea huko huko, na seli za kinga ndani ya uvimbe zikaongezeka. Ni alama za maabara hizo. Bado haijathibitishwa kwa majaribio makubwa kwamba watu wanaishi zaidi.

Kwa hiyo usiende kununua propranololi. Ukiwa na pumu inaweza kukufunga kifua ukafa, ukiwa na kisukari inaficha dalili za sukari kushuka, inashusha presha na mapigo, na ukiizoea ukaiacha ghafla moyo unaweza kuleta shida. Kama tayari unaimeza kwa ajili ya presha au moyo usiiache kabla ya upasuaji bila kuambiwa, na mtaalamu wa nusukaputi lazima ajue.

Kuna jaribio lingine nalipenda kwa urahisi wake, la hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, lilitoka mwaka 2023. Wanawake karibu 1,600 wa saratani ya titi ya mapema, nusu walichomwa sindano ya ganzi ya lidokaini kuzunguka uvimbe dakika chache kabla haujakatwa. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai bila ugonjwa ni asilimia 86.6 dhidi ya 82.6. Inawezekana ganzi ilizinyamazisha neva, inawezekana iligusa seli za saratani zenyewe moja kwa moja, hilo halijafungwa. Na usidhani kila ganzi inafanya hivyo, mwaka 2019 jaribio la wanawake zaidi ya 2,100 lililinganisha ganzi ya kuziba neva za kifua na nusukaputi ya kawaida na saratani ilirudi sawa sawa pande zote.

Unachoweza kufanya wewe ni kuuliza, na nenda na maswali yameandikwa: Maumivu yangu baada ya upasuaji yatatibiwaje, na nani nimwite usiku yakizidi? Nitapashwa joto nikiwa mezani? Naweza kuanza kutembea lini? Je kuna jaribio la kitabibu la dawa za kuzuia adrenalini au ganzi ya kuzunguka uvimbe ambalo ninafaa kuingia? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Wiki mbili au tatu kabla ya tarehe, kama ipo nafasi, tembea kila siku na acha sigara, na usiku wa kuamkia upasuaji kama hofu imekukaba waambie wauguzi, wana cha kukupa.

Vya kukataa

Kuna vifaa vya kubandika sikioni au shingoni vinauzwa mtandaoni eti vinaamsha neva ya vagasi na kuua saratani. Kuamsha vagasi ni tiba halisi kwa baadhi ya magonjwa kama kifafa, ila hakuna jaribio la watu lililoonyesha kifaa cha namna hiyo kinatibu saratani, na mwenye betri ya moyo asivisogelee kabisa. Vidonge na chai za "kushusha kotisoli" ndio kabisa, baadhi ya mitishamba inaingiliana na kemo kwa kubadilisha jinsi ini linavyoisafisha dawa, kwa hiyo chochote unachomeza kitaje. Na anayekwambia uache matibabu ili "kinga ijiponye yenyewe" mkimbie, hata akiwa ndugu.

Kwako unayeuguza

Usimwambie apunguze mawazo. Muulize namba ya maumivu leo ni ngapi, mwandikie kwenye lile daftari, toka naye atembee hata kama ni mpaka mlangoni na kurudi, hakikisha halali na baridi, zuia wageni wasimfikishe usiku wa manane. Akitaka kuongea habari ya kifo mwache aongee, ukimkatisha na "usiseme hivyo" unamwacha peke yake na hofu yake. Wewe pia neva zako zinafanya kazi hiyo hiyo, tafuta mtu wa kukupokea zamu angalau usiku mmoja kwa wiki ulale mpaka asubuhi. Siku ya kliniki beba daftari, na yale mambo matatu ya juu, maumivu, usingizi na ile namba ya kusongwa, yasemeni mwanzoni kabisa mkishakaa, kabla daktari hajafungua majibu ya vipimo, maana yakishafunguliwa hakuna anayekumbuka tena kuyauliza.